Kabla Hujaiuza kwa Kilo, Soma Namba

Wasee, leo wacha niseme kitu kitakachokasirisha watu wa pande mbili kwa mpigo mmoja.

Kwenye mjadala wa magari ya zamani kuna timu mbili. Timu ya kwanza inasema gari la kale bila injini yake ya kiwandani ni boksi tu. Timu ya pili inasema wacha hizo stori, ng'oa hiyo mashine ya wazee, tia ya Toyota, gari litembee. Mimi naishi Lodwar. Huku gari likikufia kati ya Kainuk na Lokichar, hakuna mtu atakuuliza kama injini yako ni ya kiwandani. Atakuuliza kama una maji ya kunywa. Kwa hivyo ungedhani mimi ni timu ya pili moja kwa moja.

Zii. Nimetumia miezi kumi na moja kutafuta injini moja, na nimetoka upande mwingine kabisa. Sisemi injini ya asili ni bora. Mara nyingi si bora. Ninachosema ni kwamba ndani ya injini ya asili kuna kitu ambacho pesa haiwezi kununua mara ya pili, na sisi tunakiuza kwa mizani ya vyuma vikuukuu bila hata kukiangalia.

Tuanze na gari lenyewe. Ni Land Rover Series III, ile ndefu ya inchi 109, ya mwaka 1978. Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na nyingi za hapa Kenya ziliunganishwa Thika, kwa kiwanda cha Leyland Kenya ambacho leo tunakiita KVM. Bodi yake ni ya alumini. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, ndiyo maana wakatumia alumini, na mtindo ukabaki. Chini yake ni chasisi ya chuma. Kwenye nchi za mvua hiyo chasisi huoza kabla ya kitu kingine chochote. Lodwar haiozi. Jua letu linaua watu na mifugo lakini chuma linakitunza.

Babu alilinunua mnadani miaka ya themanini, gari la serikali lililochoka. Alibeba samaki wakavu kutoka Kalokol, mbuzi kutoka Lorugum, na mgonjwa yeyote aliyehitaji kufika hospitali usiku. Ukiuliza wazee wa mtaa wetu, wengi wana stori ya kupanda hilo gari.

Injini yake ilikuwa ya petroli, silinda nne, sentimita za ujazo 2,286. Ni injini ngumu, ya kuvumilia, lakini inakunywa petroli kama ngamia aliyefika kisimani baada ya wiki mbili. Na petroli ya Lodwar husafiri mbali kabla ya kufika. Angalia bei za EPRA mwezi wowote, sisi hulipa zaidi ya watu wa Nairobi kwa kila lita. Kwa hivyo mwishoni mwa miaka ya tisini babu akafanya kile ambacho wenye Land Rover wengi Kenya walifanya. Alitoa injini ya petroli, akatia dizeli ya Toyota. Gari likaendelea na kazi karibu miaka ishirini zaidi.

Naomba timu ya kwanza mnisikie hapa. Ule uamuzi ulikuwa sawa. Kama babu angesubiri spea za kiwandani zitoke Nairobi, gari lingekufa, na kuna watu wangekufa nalo. Gari la kazi si sanamu. Fundi wa jua kali aliyelazimisha giaboksi ya Muingereza ikubaliane na injini ya Mjapani alikuwa anafanya uhandisi wa kweli, hata kama hakuna aliyempa cheti.

Shida ilianza kwenye karatasi. Babu sasa ni mzee sana, na alitaka gari liandikwe jina la mama yangu akiwa angali hai, ndugu wasije wakagombana. Tukaambiwa likaguliwe. Mkaguzi alifungua boneti, akaangalia injini, akaangalia logibuku, akafunga boneti. Namba hazikuingiana.

Kwa wale ambao hawajawahi kushika logibuku ya gari, ndani yake kuna namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini, sheria ya trafiki ya Kenya inataka useme, na siku hizi hiyo kazi iko chini ya NTSA. Ili useme, unahitaji karatasi za injini mpya. Injini ya Toyota ya babu ilinunuliwa kwa pesa taslimu, bila risiti, kwa mtu aliyefariki zamani. Kwenye karatasi ilikuwa imetoka hewani. Na injini iliyotoka hewani, machoni pa sheria, inaweza kuwa imetoka kwa gari la mtu mwingine.

Kwa hivyo tulikuwa na gari ambalo kila mtu Lodwar anajua ni la babu, isipokuwa karatasi.

Kuna fundi, na mji wake sitautaja, aliniletea suluhisho la haraka. Alisema ni kazi ya dakika ishirini. Tafuta injini yoyote ya Land Rover ya aina ile, saga namba yake na grainda, gonga namba iliyo kwenye logibuku. "Nani atajua?" Manze, nilikaa na hilo swali siku kadhaa. Kwa sababu ukweli ni kwamba huenda hakuna ambaye angejua. Injini ingekuwa ya aina ileile, ujazo uleule, hata rangi ileile. Tofauti na ya kweli ingekuwa ni moja tu, kwamba hii ni ya uongo.

Hapo ndipo nikakumbuka mtu maarufu zaidi aliyewahi kutoka Turkana. Wengi wenu mmesoma kumhusu shuleni. Mwaka 1984, Kamoya Kimeu, mtaalamu wa kutafuta visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu pale Nariokotome, magharibi mwa ziwa. Kikachimbwa kikawa karibu mifupa yote ya kijana aliyeishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita. Dunia inamwita Turkana Boy. Kwenye makumbusho yetu jina lake ni namba, KNM-WT 15000. KNM ni Makumbusho ya Kenya, WT ni Turkana Magharibi.

Nakala zake za kutengeneza ziko makumbusho mengi duniani. Ukiweka nakala nzuri kando ya mfupa wenyewe, mimi na wewe hatutaona tofauti. Lakini mfupa wenyewe ukipotea, zile nakala hazina tena cha kuzithibitisha. Hakuna atakayeweza kurudi kuuliza swali jipya. Namba ile ina maana kwa sababu imefungwa kwa kitu kimoja tu, kilichotoka mahali pamoja tu. Ukiibandika kwa kitu kingine, haujaokoa chochote. Umeua shahidi, ukavalisha mtu mwingine nguo zake.

Injini ya babu si Turkana Boy, najua. Lakini kanuni ni ileile, na kwa watu kama sisi ina uzito zaidi. Babu hana shajara. Hakuna gazeti lililoandika kuhusu yeye. Ushahidi wa maisha yake ya kazi ni logibuku moja iliyofifia na namba iliyogongwa kwenye chuma mahali fulani duniani. Nikamwambia yule fundi asante, lakini hapana.

Kwenye masoko ya magari ya kale huko Ulaya na Marekani, gari ambalo namba zake zinaingiana hupanda bei sana. Uingereza kuna makumbusho pale Gaydon yanayotoa vyeti kutoka kwa daftari za viwandani, ili mwenye gari ajue lilizaliwa na nini. Nairobi nako kuna Concours d'Elegance, ambako majaji hukagua gari kuanzia uvungu hadi juu. Hiyo ni hobi nzuri kwa wenye nafasi. Sababu yetu ilikuwa nyingine. Huku, namba kuingiana ni swali la kama mama atarithi kitu au atarithi kesi.

Sasa, unatafutaje injini iliyotolewa kwa gari zaidi ya miaka ishirini iliyopita?

Usianze na maduka. Nilienda Kirinyaga Road, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, na pale utapata injini za Land Rover kama una subira na pesa. Lakini mimi sikuwa natafuta injini ya Land Rover. Nilikuwa natafuta moja, yenye tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Kuagiza gari lingine kuukuu kutoka Uingereza pia hakungesaidia, na hata hivyo magari ya mitumba yaliyopita miaka minane kwa kawaida hayaruhusiwi kuingia Kenya. Hii kazi ni ya kuuliza watu.

Nilianza na babu. Alikumbuka kwamba fundi aliyebadilisha injini alilipwa nusu kwa pesa na nusu kwa ile injini ya zamani. Fundi ameshafariki. Mjane wake alinikaribisha chai, akafikiria, akasema mume wake alimuuzia dereva wa lori aliyekuwa akipeleka mizigo ya msaada. Dereva nilimpata Kitale, amestaafu, anafuga kuku. Akacheka sana. Alisema aliitoa vipande vyenye faida, na gogo lililobaki akalishusha Kakuma kwa fundi aliyetaka kitu kizito.

Kakuma ni kilomita kama 120 kutoka Lodwar. Kambi ilianza mwaka 1992, na ndani yake kuna gereji ambazo fundi wake wamejifunzia kazi Addis, Mogadishu, Juba na Bukavu. Niliuliza gereji kwa gereji, siku mbili. Jioni ya pili nikaonyeshwa kwa mzee mmoja Mkongo. Katikati ya gereji yake kulikuwa na jiliwa kubwa la kubania vyuma. Chini ya jiliwa, kikiwa kimefunikwa na grisi na vumbi la miaka, kulikuwa na bloku ya injini.

"Shikamoo mzee. Naomba kuangalia hapo chini."

"Marahaba, kijana. Angalia. Lakini hii njo meza yangu ya kazi. Ukiibeba, mimi nitafanya kazi juu ya nini?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Kwanza nikasoma. Kwenye injini hizi namba imegongwa ubavuni mwa bloku, upande wa mbele, karibu na manifoldi ya egzosi. Nilitumia mafuta ya taa na brashi ya waya kuondoa uchafu. Kisha chaki. Sugua chaki juu ya tarakimu, pangusa kwa kidole, na chaki inabaki kwenye mashimo ya maandishi. Mzee alishika tochi. Nilisoma tarakimu moja moja kwa sauti, naye akazifuata kwenye picha ya logibuku kwa simu yangu. Tarakimu nane, herufi moja. Zote.

Mzee hakusema kitu kwa muda. Halafu akauliza gari ni la nani, nikamwambia. Akaniambia kule kwao naye aliacha gari, na karatasi zake bado anazo kwenye mfuko. Karatasi bila gari. Sisi tulikuwa na gari bila karatasi.

Hakutaka pesa. Alitaka meza. Tukakubaliana nimletee gogo zito kuliko lile. Lodwar kulikuwa na bloku ya lori la Isuzu, silinda sita, imepasuka, haina kazi tena. Mwenyewe alikuwa ameshaitisha bei kwa mtu wa mizani, na bei aliyotajiwa haingenunua hata tairi moja. Nikampa zaidi kidogo. Watu wanne tulihangaika kuipandisha kwa pikapu. Ilipofika Kakuma, fundi aliifunga jiliwa lake juu, akalisukuma, halikutikisika. Akatabasamu. Biashara ikaisha.

Sasa nisikudanganye kwamba tulipata injini. Tulipata bloku. Silinda hedi haikuwepo, krenki haikuwepo, pistoni na kabureta hazikuwepo. Bloku ilipimwa Eldoret, haikuwa na ufa, silinda zikachongwa kidogo ili zikubali pistoni za kipimo kikubwa, ambazo bado zinatengenezwa. Krenki ilisumbua. Kabla ya 1980 injini hizi zilikuwa na beringi kuu tatu, baadaye zikawa na tano, na ya tano haiingii kwenye bloku ya tatu. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba zote ni sawa. Hesabu mwenyewe, usiapiwe.

Kwa hivyo kuna msee atauliza, kama krenki ni ya gari lingine, hedi ni ya gari lingine, pistoni ni mpya, hiyo asili iko wapi? Swali poa. Jibu langu ni kwamba sehemu za kuchakaa ziliwekwa zibadilishwe. Hata kiwanda kilijua. Bloku ndiyo iliyopewa namba, na namba ndiyo iliyoandikwa kwenye kitabu. Spea nyingine zote zinatafutika. Bloku hiyo ilikuwa moja tu duniani, na ilibaki hai kwa sababu mkimbizi mmoja alihitaji meza isiyotikisika.

Injini imefungwa tena kwenye gari. Mkaguzi amesoma namba na zimeingiana, na uhamisho wa jina unaendelea. Babu aliweka mkono juu ya boneti likinguruma, akasema tu, "Ejok." Ni sawa. Dizeli ya Toyota hatukuitupa. Inasukuma maji shambani kwa mjomba, kando ya Turkwel. Na Land Rover? Bado inakunywa petroli vibaya, kwa hivyo inatoka kwa kazi maalum tu. Nilisema mapema, asili si lazima iwe bora.

Sasa nirudi kwenu, kwa sababu hii si stori ya familia yetu pekee. Turkana ni makavazi ya magari bila mtu wa kuyatunza. Serikali ilileta yake, misheni zikaleta yao, mashirika yakaleta yao. Mwaka 1990 Kenya na Norway zilivunja uhusiano wa kibalozi, na miradi mikubwa ya Wanorwe huku ikafikia mwisho. Mradi ukiisha, watu huondoka, vyuma hubaki. Nyuma ya nyumba nyingi hapa kuna mabaki ya gari lililobeba sehemu ya historia yetu, na kila wiki kuna anayepita na mizani.

Mimi sina ubaya na wanaookota vyuma. Vijana wengi niliosoma nao wanakula kwa hiyo kazi, na kiangazi kikizidi, huwezi kumwambia mama mwenye watoto asiuze chuma kilichokaa uani miaka kumi. Bodi ya alumini ikiwa sufuria, watu watapikia, sawa. Pia najua hii biashara ina sheria. Kuna Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na Januari 2022 Rais Uhuru Kenyatta aliisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuharibiwa. Lakini hakuna sheria itakayokuambia kwamba chuma kilicho uani kwenu ndicho pekee kinachothibitisha gari lilikuwa la nyanya yako.

Na mambo yatazidi. Nairobi kuna kampuni ya Roam, iliyoanza kwa jina Opibus, ambayo imewahi kutoa injini kwa magari ya kubeba watalii na kuweka mota za umeme. Mimi naunga mkono. Jua tunalo la kutosha, siku moja hata Land Rover ya babu inaweza kwenda hivyo. Swali langu litabaki lilelile: bloku iliyotolewa inaenda wapi, na nani aliandika namba yake?

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Ukiwa na gari la zamani nyumbani, hata kama ni Peugeot 504 iliyokaliwa na kuku, toka leo na tochi, brashi ya waya na kipande cha chaki. Soma namba ya injini, soma ya chasisi, piga picha. Halafu kaa na mzee mwenye gari umuulize lilitoka wapi, lilibeba nini, nani alilitengeneza. Andika majina. Kama wewe ni fundi, weka daftari la kila injini unayotoa na aliyeichukua. Mimi ningepata daftari kama hilo, miezi kumi na moja ingekuwa siku mbili.

Baada ya hapo, kama njaa imefika, ita mtu wa mizani. Hakuna atakayekulaumu. Lakini akifika atake kujua hicho chuma kina kilo ngapi, wewe uwe tayari unajua kilikuwa cha nani.